Dunia ikitikisika, hoteli ya kifahari ishike njia ipi? Ulinganisho kwa wenye hoteli wa pwani yetu

Mwenye hoteli ya nyota 5 Nungwi, Diani au Watamu anauza kitu ambacho mteja anaweza kukikosa na maisha yakaendelea kama kawaida. Ndiyo maana habari za vita, ugonjwa au fujo za uchaguzi zikivuma, safari ya aina hiyo huahirishwa kabla ya nyingine zote. Na mambo hayo hayajatupa nafasi ya kupumua. Machi 2020 anga zilifungwa kwa sababu ya korona. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na Zanzibar ikajikuta na watalii karibu elfu moja wa Kiukraine wasio na ndege ya kurudi wala nyumba yenye usalama ya kurudia. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa baada ya Iran kushambulia Al Udeid, kambi ya kijeshi ya Marekani nchini humo, ilhali Doha, mji mkuu wake, ni mmoja wa milango mikuu ya wageni wetu. Oktoba mwaka huohuo, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania kwa siku kadhaa, na hoteli zinazopokea nafasi zote mtandaoni zikabaki gizani.

Kila linapotokea jambo kama hili, maswali mezani kwa mmiliki na meneja ni yaleyale. Tufunge au tuendelee? Tushushe bei au tushikilie? Tumngoje mgeni wa Ulaya au tumtafute wa Dar na Nairobi? Tungekuwa salama zaidi chini ya jina kubwa la kimataifa? Wafanyakazi je? Nimeyapanga hapa ubavu kwa ubavu, nikitumia mambo yaliyotokea kweli, ili mwenye hoteli aone kila njia inampa nini na inamgharimu nini. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: hoteli zinazovuka salama ni zile zilizolinda vitu vitatu, yaani bei, watu wake, na mgeni anayeweza kufika bila kukaa angani kwa muda wa saa kumi.

Kufunga au kubaki wazi

Mwaka 2020 nchi tatu zinazouza bahari na jua zilishika njia tatu tofauti, kwa hiyo tuna ulinganisho uliojipanga wenyewe.

Maldives ilifunga mipaka mwishoni mwa Machi na kufungua tarehe 15 Julai. Ilikuwa na bahati ya mpangilio wake wa miaka mingi: kisiwa kimoja, hoteli moja. Mgeni anashuka uwanja wa ndege wa Velana, anapandishwa boti au ndege ya majini, anafika kisiwani ambako wafanyakazi nao wanaishi hukohuko. Umbali ambao nchi nyingine ziliulazimisha kwa sheria, wao walikuwa nao kwa maumbile. Wageni walishuka kutoka milioni 1.7 mwaka 2019 hadi kama laki 5 na nusu mwaka 2020, kisha wakapanda hadi zaidi ya milioni 1.3 mwaka 2021.

Tanzania ilisitisha ndege za kimataifa Aprili na kuziruhusu tena tarehe 18 Mei 2020, mapema kuliko karibu nchi zote za ukanda huu. Zanzibar ilipokea wageni 538,264 mwaka 2019. Mwaka uliofuata walikuwa 260,644. Ni pigo la nusu, lakini nusu nyingine ilibaki. Mwaka 2022 ilikuwa imeshaipita idadi ya 2019.

Kenya ilifunga anga mwishoni mwa Machi na kufungua tarehe 1 Agosti, ikiwa na kafyu na kwa muda ikiwa imezuia watu kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa. Kutoka zaidi ya milioni 2, wageni wa nje walishuka chini ya laki 6, na hata mwaka 2022 idadi ya 2019 ilikuwa bado haijafikiwa.

Ukiangalia namba peke yake utasema Tanzania ilishinda. Mimi sisemi hivyo kirahisi. Nchi iliacha kutangaza takwimu za wagonjwa mwishoni mwa Aprili 2020, na mhudumu wa chumba aliyekuwa akikunja shuka za mgeni mwenye kikohozi hakuwa na pa kujua hatari yake. Februari 2021 Zanzibar ilimpoteza Makamu wa Kwanza wa Rais, Maalim Seif Sharif Hamad, baada ya chama chake kutangaza kwamba ameambukizwa. Kwa hiyo, ninapolinganisha, faida ninayoichukua kutoka Zanzibar ni moja tu: mlango uliobaki wazi hata kidogo uliwaweka mawakala wa safari na mashirika ya ndege wakiwa na sababu ya kulikumbuka jina la mahali. Maldives ilipata faida hiyohiyo bila kuwaficha watu wake ukweli, na ndiyo njia ninayoiona bora.

Tushuke sasa kwenye hoteli yenyewe, maana serikali ikifungua anga bado uamuzi ni wako. Wamiliki wengi huhesabu kwamba wakifunga wataokoa mishahara, dizeli na chakula. Wanachosahau ni kwamba hoteli ya pwani haikubali kufungwa. Chumvi ya upepo wa bahari inaingia kwenye viyoyozi vilivyozimwa na kula nyaya. Maji yaliyolala kwenye mabomba kwa wiki kadhaa yanazalisha bakteria, hivyo lazima mtu apite chumba kwa chumba, afungue kila bomba na kila bafu, maji ya moto na ya baridi, ayaache yatiririke. Jenereta lisipowashwa linagoma siku unayolihitaji. Bwawa lisilozungushwa maji linageuka kijani ndani ya siku chache. Magodoro yanavuta unyevu, makabati yanaota ukungu mweupe, na harufu ile hata ufungue madirisha wiki nzima haiishi. Paa la makuti lililovuja masika moja bila mtu wa kuliziba linaweza kukugharimu dari ya chumba kizima.

Hivyo chaguo la kweli ni kufunga kabisa dhidi ya kufunga sehemu. Hoteli ya vyumba 60 yenye majengo matatu inaweza kuzima mawili, ikaacha moja lenye vyumba 20, jiko dogo, na mgahawa mmoja badala ya mitatu. Wafanyakazi waliobaki wanazunguka kwa zamu, na wale wa majengo yaliyozimwa wanafanya matengenezo ambayo msimu wa wageni haukuyapa nafasi. Unaendelea kula hasara, ndiyo, ila unaijua ukubwa wake. Kufunga kabisa nakushauri kwa hali mbili tu: usalama wa watu ukiwa hatarini, au hoteli ikiwa inategemea boti na ndege ndogo ambazo zimesimama zote.

Bei: kushusha au kushikilia

Hapa ndipo wengi wanapojimaliza. Wiki mbili bila simu, jirani ameweka punguzo la nusu bei mtandaoni, na meneja wa mauzo anaingia ofisini akiwa na uso wa msiba.

Fanya hesabu kabla ya kumjibu. Chukua hoteli ya vyumba 40 inayouza chumba dola 400, na usiku wa kawaida vyumba 24 vina wageni. Kila chumba chenye mgeni kina gharama zake za moja kwa moja: chakula, dobi, sabuni, kamisheni ya wakala. Tuseme dola 100. Kinachobaki kulipia mishahara, mkopo na umeme ni dola 300 kwa chumba, jumla dola 7,200 kwa usiku.

Ukishusha bei hadi dola 300, kinachobaki ni dola 200 kwa chumba. Ili ufikie zile dola 7,200 unahitaji vyumba 36 vyenye wageni, yaani asilimia 90 ya hoteli, katika kipindi ambacho dunia imeogopa kusafiri. Haitatokea. Tuseme punguzo limefanya kazi nzuri kiasi cha kukulindia vyumba vyako 24: umebaki na dola 4,800. Mwenzako aliyeshikilia dola 400 na kupoteza wageni hadi vyumba 18 amebaki na dola 5,400, wafanyakazi wake hawajachoka, na mazulia yake hayajachakaa.

Watafiti wa chuo cha hoteli cha Cornell, Marekani, waliwahi kuchambua hoteli za nchi hiyo kati ya 2001 na 2007, kipindi chenye mshtuko wa Septemba 11 na miaka ya kuinuka baada yake. Waliona jambo lilelile: hoteli zilizouza juu ya wapinzani wao wa karibu zilikuwa na wageni wachache zaidi, lakini mapato kwa kila chumba yalikuwa makubwa zaidi.

Kuna sababu nyingine inayohusu hoteli za kifahari pekee. Mgeni aliyelipa dola 800 mwaka jana akiona chumba kilekile kwa 350, hafurahii. Anajiuliza kwa nini alilipa 800. Na wakala wa Milano au Paris aliyepewa 350 mwaka wa shida hatakubali kurudi 800 mwaka wa neema; mtavutana misimu mitatu.

Kushikilia bei hakumaanishi kukaa mkono mtupu. Ongeza thamani bila kugusa namba: usiku wa 4 bure kwa anayelala 3, chakula cha jioni ndani, usafiri kutoka uwanja wa ndege, safari ya jahazi jua likizama. Uza siku nyingi kwa pamoja. Anantara Veli ya Maldives iliuza kwa mwaka mzima wa 2021 kifurushi cha watu wawili kwa dola 30,000, walale siku nyingi wanavyotaka. Walionunua hawakuwa lazima wawe wengi. Ofa yenyewe ilitangazwa na vyombo vya habari duniani kote bila chumba kimoja kushushwa bei kwenye orodha.

Na kwa wale waliokwisha lipa, neno la 2020 lilikuwa “ahirisha, usifute”. Linganisha: ukirudisha pesa zote, unakauka ndani ya mwezi; ukikataa kurudisha kabisa, unampoteza mteja na wakala wake kwa maisha. Kumpa nafasi ya kuja ndani ya miezi 18 hadi 24 kwa bei aliyolipa kunakuachia pesa mkononi na kumwachia yeye likizo yake. Ila anayeng’ang’ania arudishiwe kwa kuwa amefukuzwa kazi au amefiwa, mrudishie. Mtu wa aina hiyo hatakusahau, kwa wema wala kwa ubaya.

Mgeni wa soko moja, wa masoko mengi, au wa nyumbani

Tuanze na hatari ya soko moja, kwa kuwa mifano yake iko karibu. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa ila kwa jambo la lazima, baada ya mfululizo wa mashambulizi. Kampuni za utalii za TUI ziliwachukua mamia ya watalii wao kabla likizo hazijaisha, wakarudishwa kwao, na ndege za kukodi zikafutwa kwa miezi. Diani haikuwemo kwenye onyo lile. Uwanja wa ndege wa Moi haukuwemo pia. Hata hivyo hoteli za kusini ziliumia pamoja na za kaskazini, kwa sababu nyingi zilijazwa na ndege zilezile za kukodi. Mwenye hoteli aliyekuwa na mkataba na kampuni moja inayomletea watu 80 kila Jumatano alijisikia tajiri hadi Jumatano ile ambayo hawakuja.

Zanzibar ilipata somo lake 2022. Katika kipindi cha korona, ndege za kukodi kutoka Urusi na Ukraine zilikuwa mkombozi, na hoteli kadhaa zikajipanga kwa ajili yao: menyu, wakalimani, wanamuziki. Vita ilipoanza, pande zote mbili zilikatika ndani ya wiki moja. Hoteli zilizokuwa zimewaweka pembeni Waitaliano, Wafaransa, Wajerumani na Wapolandi zilijuta.

Maldives inaonyesha upande wa pili. India ilikuwa nchi ya kwanza kwa kuleta wageni huko 2023, zaidi ya laki 2. Januari 2024, baada ya manaibu waziri wa Maldives kumtolea maneno Waziri Mkuu Narendra Modi mtandaoni, Wahindi wengi walisusia. Mwaka ule walishuka hadi karibu laki 1 na elfu 30. Soko kubwa kuliko yote likapoteza zaidi ya theluthi, na bado jumla ya wageni wa nchi ilivuka milioni 2, kwa sababu China, Urusi, Uingereza, Italia na Ujerumani walikuwepo. Hivyo ndivyo masoko mengi yanavyofanya kazi: unaumia bila kuanguka.

Kanuni ninayoipendekeza ni soko moja lisizidi robo ya wageni wako, na wakala mmoja asizidi sehemu ya tano. Ni ngumu kwa hoteli mpya, nakubali, maana wakala mkubwa anajaza haraka. Lakini andika namba hizo ukutani uwe unazisogelea kila mwaka.

Sasa mgeni wa nyumbani, ambaye nina ya kusema juu yake.

Kenya ilimgundua kwa shida. Wazungu walipokimbia 2014, hoteli za Mombasa na Diani zilifungua milango kwa Wakenya: bei ya mkazi kwa shilingi, semina za kaunti, warsha za mashirika, likizo za shule, Pasaka, Desemba. Treni ya Madaraka Express ilipoanza katikati ya 2017, safari ya Nairobi hadi Mombasa ikawa ya saa chache. Kufikia 2019, zaidi ya nusu ya siku zilizolalwa katika hoteli za Kenya zililalwa na Wakenya wenyewe. Mwaka uliofuata anga zilipofungwa, na kafyu ilipolegea, ndio waliowasha taa za vyumba. Hoteli za Diani zilizokuwa na namba zao za simu ziliwaita kwa WhatsApp na wakaja kwa magari yao.

Zanzibar bado iko nyuma katika hili. Mtanzania anafika kwa boti kutoka Dar kwa takriban saa mbili, Idd na mwisho wa mwaka visiwa vinajaa watu wa bara, lakini hoteli nyingi za kifahari za kaskazini na mashariki zinawaona kama wageni wa kuzibia pengo. Utaona getini: familia imeshuka kwenye gari, watoto wamechangamka, baba ameshika simu yenye risiti, na mlinzi anauliza “mmeshabuku?” kabla ya kusema karibu. Mzungu aliyefika nyuma yao kwa teksi anafunguliwa geti bila swali. Baba yule hatarudi, na atawaambia ndugu na wenzake kazini. Aibu ile inaniuma kila ninapoishuhudia, na kwa upande wa biashara ni upumbavu mtupu, kwa sababu huyo ndiye mteja ambaye Doha ikifungwa bado atafika.

Kumpokea mgeni wa nyumbani kuna gharama zake, tusidanganyane. Anabuku siku tatu kabla, si miezi sita. Analipa kidogo zaidi. Anakuja na watoto watatu na dada wa kazi, kwa hiyo chumba cha wapenzi wawili chenye kitanda kimoja cha maua hakimfai. Anataka vyumba vya familia. Anataka pilau, samaki wa kupaka na chapati vilivyopikwa na mtu anayevijua, pamoja na chai ya tangawizi, na si kila siku saladi na pasta. Wengine wanahitaji jiko la halali lisilo na shaka na mahali pa kuswalia. Wafanyakazi lazima wafundishwe kumwita “mzee”, “mama”, “dada” kwa heshima ileile wanayoitoa kwa Kiingereza.

Ukilinganisha: mgeni wa mbali analipa zaidi na anakaa siku nyingi, lakini shida ikija wa aina yake huondoka wote kwa pamoja. Mgeni wa nyumbani analipa kidogo, anakaa Ijumaa hadi Jumapili, lakini habari za Ulaya hazimzuii. Hoteli ya mjini ina kitu cha ziada: kumbi. Hoteli kubwa za Dar zinaishi kwa harusi, vikao vya bodi na futari za kampuni mwezi wa Ramadhani hata pale vyumba vinapolala vitupu. Hoteli ya ufukweni inaweza kujifunza hilo, hasa kwa harusi.

Jina kubwa au jina lako

Aprili 2020 Hilton iliiuzia American Express pointi za wateja wake, zile ambazo mgeni huzikusanya na kulipia vyumba, kwa dola bilioni 1, pesa ya mbele. Mwezi uliofuata Marriott ikapata dola milioni 920 kwa njia kama hiyo kutoka American Express na JPMorgan Chase. Wenye hoteli binafsi waliposikia wakatamani wangekuwa chini ya majina hayo.

Lakini angalia pesa ile ilibaki wapi. Kampuni hizi zinamiliki majengo machache sana kati ya maelfu yenye majina yao. Zinauza jina, mfumo wa kubuku na usimamizi. Mwenye jengo ndiye anayelipa mishahara, mkopo wa benki, dizeli na paa. Mkataba wa usimamizi kwa kawaida unampa mwenye jina asilimia 2 hadi 4 ya mapato yote, uwe na faida au uwe na hasara, kisha sehemu ya faida ikipatikana. Mapato yakishuka, naye anapungukiwa. Lakini deni la jengo ni lako peke yako.

Na majina huondoka. Hoteli ya Kilimanjaro pale ufukweni Dar ilifunguliwa 1965, ikawa Kempinski mwaka 2005, ikawa Hyatt Regency mwaka 2011. Ile iliyokuwa Sheraton ikapita majina ya Royal Palm na Mövenpick, sasa ni Serena. Nairobi, InterContinental ilifunga 2020 na Hilton ya katikati ya jiji ikafunga mwisho wa 2022, zote zikiwa na zaidi ya miaka 50. Majengo yako palepale.

Upande mwingine uko mfano wa Serena, iliyo chini ya Mfuko wa Aga Khan wa maendeleo ya uchumi. Huyu ni mwenye mali anayeendesha mwenyewe, na malengo yake hayaishii kwenye faida ya mwaka. Hoteli yake ya Kabul ilifunguliwa 2005, ikashambuliwa 2008 na tena 2014, na bado ikaendeshwa hadi Februari 2025. Hakuna kampuni ya kukodisha jina ambayo ingevumilia hivyo. Ila uvumilivu huo unahitaji mfuko nyuma yako, na mmiliki wa hoteli moja Paje hana mfuko huo.

Kwa hoteli ya vyumba zaidi ya 100 mjini, jina kubwa lina maana: wasafiri wa kampuni na mashirika wanabuku kwa pointi na kwa mikataba ya dunia nzima. Kwa hoteli ya vyumba 15 hadi 50 ufukweni, sioni faida inayolingana na gharama. Ukiamua kusaini, komaa na vipengele vitatu: haki ya kuvunja mkataba hoteli isipofikia malengo kwa miaka miwili mfululizo, kupunguzwa kwa ada wakati wa janga, na orodha ya wageni ibaki kuwa mali yenu wote. Hicho cha tatu wengi hawakiombi, na siku jina likiondoka wanabaki na jengo bila namba ya simu hata moja.

Kupunguza watu au kugawana maumivu

Hapa sina mizani iliyo sawa, na sitajifanya ninayo. Hoteli ya Taj Mahal Palace ya Mumbai, India, ilivamiwa na magaidi tarehe 26 Novemba 2008. Mnara wake ulifungua tena tarehe 21 Desemba, chini ya mwezi mmoja, na jengo la kale likarudi Agosti 2010. Mmiliki wake, kampuni ya Indian Hotels, aliwalinda wafanyakazi katika kipindi chote cha ukarabati. Hiyo ndiyo sababu hoteli iliyovamiwa iliweza kupokea wageni kabla ya Krismasi: wanaojua kazi walikuwepo. Mwaka 2020 kampuni hiyohiyo ilitoa vyumba kwa madaktari na wauguzi, na ikaanzisha huduma ya Qmin ya kupeleka chakula cha hoteli majumbani.

Pwani yetu mwaka ule tuliona kinyume. Wahudumu, wapishi na mabawabu waliambiwa waende nyumbani bila tarehe. Wengine waliingia baharini kuvua, wengine wakashika bodaboda, wengine wakarudi shamba bara. Wageni waliporudi, baadhi hawakurudi kazini, na hoteli zikaanza kufundisha watu wapya huku zikiuza kwa bei ya nyota 5. Mgeni anayekuja kila Februari kwa miaka kumi hakuja kwa ajili ya shuka. Anamjua mhudumu anayejua kwamba hanywi maziwa, na kwamba mkewe anataka kiti cha kivulini asubuhi. Ukimfukuza mhudumu huyo umefukuza wote wawili.

Kati ya kuachisha nusu ya watu na kupunguza mishahara ya wote, chagua la pili, ukianzia juu: mmiliki na meneja mkuu wakate kwa asilimia kubwa zaidi, wa chini kabisa wasiguswe au waguswe kidogo. Endelea kulipa michango ya hifadhi ya jamii (NSSF au ZSSF) na bima ya afya. Walishe mlo wa mchana kazini. Weka kwa maandishi kwamba kilichokatwa kitarudi hoteli ikifikia kiwango fulani cha wageni, kisha kirudi kweli.

Kwa hiyo, wewe uko wapi?

Kama una hoteli ndogo kisiwani, vyumba chini ya 20, isiyofikika ila kwa boti: shikilia bei bila kutikisika, uza siku nyingi kwa pamoja, na weka akiba ya miezi sita ya mishahara kabla ya kununua boti nyingine. Wewe huna nafasi kubwa ya mgeni wa nyumbani, kwa hiyo masoko ya nje yawe manne au matano.

Kama una hoteli kubwa mjini, Dar, Mombasa au Nairobi, jina la kimataifa linaweza kukufaa, lakini kinachokuvusha ni kumbi na jiko. Mpishi wako wa harusi ni muhimu kuliko mshauri wa mitandao.

Na kama uko katikati, vyumba 30 hadi 60 ufukweni Kiwengwa, Paje, Diani au Malindi, na wakala mmoja anakuletea nusu ya wageni, hali yako ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Anza Aprili hii, masika ikiwa imeshatuliza kila kitu na vyumba vitupu. Geuza vyumba vinne viwe vya familia. Panga bei ya mkazi kwa shilingi, iandike wazi kwenye ukurasa wenu bila kumlazimisha mtu kuuliza. Mtafute mama wa mtaani anayepika samaki wa kupaka vizuri, mwajiri. Mweke mlinzi wako chini umwambie neno la kwanza getini ni “karibuni”. Kisha piga simu kwa makampuni kumi ya Dar au Nairobi, uwaulize wana mipango gani ya Idd na ya mwisho wa mwaka.